SOMO: Boksi la Spika Tulitengeneze kwa Kitu Gani?



Vumbi na upepo wa Kalobeyei tunavijua. Tangazo la maji au la chanjo lisiposikika, kuna mama atabaki nyumbani na mtoto wake. Kwa hivyo boksi la spika si mapambo.

Kwanza tuelewe kazi yake. Spika hutoa sauti mbele na nyuma. Sauti hizo mbili zikikutana, ile nzito hufifia. Boksi linazitenga. Basi liwe gumu, zito, bila nyufa.

Debe tupu ni bure, lakini bati hulia lenyewe na maneno yanachanganyika. Chipbodi bei yake ni nafuu, ila ikinyeshewa huvimba na kumomonyoka. Mathenge tunao tele, na mti wake ni mgumu, lakini umepindapinda, mbao pana hupati. Tuutumie kwa vipande vya kushikilia kona. Kwa kuta, plaiwudi ya milimita 18 ni bora. Igonge kwa kidole: ikijibu "du" ichukue, ikilia kama ngoma iache.

Viungo vitiwe gundi na skrubu. Ndani weka kipande cha blanketi kuukuu. Mbele funika kwa kitambaa chepesi, vumbi lisiingie.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni matangazo gani yametupita kwa kutosikika?
2. Pesa zikipungua, tungoje plaiwudi, au tununue chipbodi leo na tununue tena baada ya mvua?