Nenda Kozini, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Reading, barua yako nimeipata, na kwa ruhusa yako najibu hapa mbele ya wote, maana hauko peke yako. Unasema umefungiwa leseni miezi 12 kwa kuendesha gari ukiwa na pombe mwilini. Ulipoulizwa mahakamani kama utakwenda kozi ya madereva waliopatikana na kosa hilo, ukasema ndiyo. Sasa mwezi wa nne wa adhabu unakatika na karatasi ya kozi bado iko kwenye droo. Unaniambia, "Dada, mimi si mlevi. Nikakae na walevi nieleze nini?"

Tuanze na tarehe, kwa sababu zinakukimbia. Ukimaliza kozi kwa wakati, adhabu hupunguzwa, kwa kawaida robo. Miezi yako 12 inakuwa 9. Lakini kozi lazima iwe imekwisha angalau miezi miwili kabla ya hapo, yaani mwezi wa saba wa adhabu ukiisha uwe umeshamaliza. Ni saa 16 za darasa, mara nyingi zinagawanywa kwa siku tatu zilizoachana. Huwezi kuikamata wiki ya mwisho. Na aliyekataa mahakamani siku ile hawezi kurudi baadaye kusema amebadili mawazo, kwa hiyo nafasi uliyonayo usiichezee.

Ada haizidi pauni 250, na unalipa mwenyewe. Najua kwa mtu aliyepunguziwa zamu na bado anatuma nyumbani, hizo ni pesa nzito. Lakini unahudumia wazee majumbani, na bila gari zamu za alfajiri zinakupita. Piga hesabu ya hiyo miezi mitatu, utaona fedha iko upande gani.

Sasa tuje kwenye utetezi wako, kwamba kabla ya kushika usukani asubuhi ile "nililala kabisa, nikaoga, nikanywa kahawa." Naamini kwamba ulilala. Umeniandikia pia kwamba usiku uliotangulia ulikuwa kwenye send-off, ulianza saa mbili usiku na ukanywa painti sita za bia. Painti moja ya bia ya asilimia 5 ina karibu yuniti 2.8 za pombe. Sita ni kama 17. Mwili hutoa takriban yuniti moja kwa saa, ukiongeza na saa moja ya mwanzo ya pombe kuingia damuni. Hesabu kutoka saa mbili usiku: utafika saa nane mchana. Wewe ulisimamishwa saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa na karibu nusu ya pombe yote bado mwilini. Kahawa hukuchangamsha macho tu, na kuoga kunakutoa harufu. Ini halina habari navyo. Hata hiyo yuniti kwa saa ni makadirio, wengine huchukua muda mrefu zaidi.

Hayo ndiyo utakayokaa nayo kozini kwa utulivu, na ndiyo maana nakusihi uende hata kama leseni ungerudishiwa kesho. Hakuna aliyekufundisha hesabu hiyo. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mtu asiyepepesuka hajalewa.

Kuhusu aibu. Hakimu ameshamaliza kazi yake. Mkufunzi hakai pale kukuhukumu tena. Utakutana na watu wa kazi kama wewe, na wengi wao watakuwa wanasema vilevile kwamba si walevi. Tafiti za Uingereza zilionyesha kwamba waliohudhuria walirudia kosa kwa uchache kuliko ambao hawakuhudhuria. Huenda pia wanaokubali kwenda ni wale waliokwisha kuamua kubadilika. Sawa, basi uwe mmoja wao.

Na tafadhali, wanaokupa pole wakisema ni mkosi, waambie sivyo. Saa kumi na mbili asubuhi barabarani kuna mama anatoka zamu ya usiku kwa miguu. Ulimpita salama, na mimi namshukuru Mungu kwa ajili yenu wote wawili.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Umetaja kwa kupitia tu kwamba siku hizi "bila mbili tatu usingizi hauji." Kozi si matibabu ya pombe. Hilo lipeleke kwa daktari wako wa mtaa, umwambie kama ulivyoniambia mimi. Usiache ghafla peke yako ikiwa unakunywa kila siku na mikono inatetemeka asubuhi, kwani hiyo ni hatari kwa mwili.

Halafu binamu yako anayekuambia uendeshe "mpaka dukani tu", mkatalie. Kuendesha ukiwa umefungiwa ni kosa jingine, lina kifungo cha hadi miezi 6. Na mkienda kwa ndugu Scotland, kumbukeni kiwango cha kule ni miligramu 50 katika mililita 100 za damu tangu 2014, si 80 kama Uingereza kwenu.

Kesho asubuhi toa ile karatasi, piga simu, uombe tarehe ya kwanza iliyopo. Wakikuambia Reading pamejaa, uliza watoaji wengine wa kozi walio karibu. Kuhama mtoaji kunaruhusiwa. Na ukishapata siku, mwambie mkeo siku hiyohiyo.