Hesabu ya Mchezo wa Shabaha
Vijana wengine wa Kariakoo hutamani kazi ya kucheza michezo ya kompyuta ya kulenga shabaha. Kazi hiyo ipo: mwaka 2005 Johnathan Wendel, Mmarekani, alishinda dola 150,000 katika shindano moja mjini New York. Lakini na tupige hesabu kwanza.

Tuseme kompyuta iamuayo nani kapiga mbele iko London. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilometa 7,500. Kwenda na kurudi, 15,000. Nuru ndani ya nyuzi za kioo hupita kilometa 200,000 kwa sekunde. Gawanya: sekunde 0.075, na waya wa baharini huzunguka zaidi. Mpinzani aliye London ameshapiga.

Basi kijana asilaumu vidole vyake. Ajipime na wenziwe katika chumba kimoja, kompyuta zimeunganishwa. Hapo umbali ni sawa kwa wote. Wala asiache shule, kwani hesabu hii hufundishwa darasani.