Tule nyama ao tuiache?

Kuko mabishano yanayorudi kila mara huku Kivu, katika makanisa na katika nyumba zetu. Ndugu mumoja anasema: mutu wa Mungu aache nyama, ale mboga na matunda, atakuwa na afya. Anaonyesha Danieli na wenzake watatu walioomba mboga na maji siku 10 katika nyumba ya mufalme wa Babeli, na nyuso zao zikawa nzuri kuliko za wengine. Mwenzake anamujibu kwa Mwanzo sura ya 9, pahali Noa alipopewa ruhusa ya kula wanyama kiisha garika. Yule wa kwanza anarudi katika sura ya 1, kwani pale chakula cha watu kilikuwa mbegu na matunda tu. Wanaweza kushindana hivi mpaka taa inazimika. Paulo alikuta shauri la namna hii kati ya Wakristo wa Roma, akawakataza kuhukumiana (Warumi 14). Nasi tutaacha jambo la zamiri kwa kila mutu. Somo hili linaangalia mwili: unahitaji nini, na unaweza kukipata wapi.

Lakini tuangalie neno moja kwanza. Danieli alikuwa kijana aliyekwisha kukomaa. Hakuwa mutoto wa mwaka moja na nusu aliyeachishwa ziwa juu mama ana mimba ingine.

Mwili unajengwa na nini?

Chakula kingine kinaleta nguvu ya kutembea na kulima: muhogo, mahindi, viazi, ndizi, mafuta. Chakula kingine kinajenga: kinaleta munofu, damu, nywele, ngozi. Kitu hiki kinachojenga kinaitwa protini. Watu wengi wanafikiri inapatikana katika nyama tu. Si kweli. Gramu 100 za nyama mbichi ya ngombe zina karibu gramu 20 za protini. Gramu 100 za maharagi makavu zina karibu 22. Soya iko na karibu 36. Basi anayesema maharagi ni chakula cha masikini, ajue kama huyo masikini hakukosa akili.

Tena, protini ya maharagi peke yake ina upungufu kidogo, na ile ya mahindi ina upungufu mwingine. Ukivila vyote viwili, kimoja kinajaza tundu la kingine. Wakubwa wetu waliopika mahindi pamoja na maharagi katika chungu kimoja hawakusoma jambo hili katika kitabu, lakini walifanya vizuri.

Shida yetu ni muhogo. Gramu 100 za unga wa muhogo zina gramu 1 ao 2 tu za protini. Mutoto anaweza kujaza tumbo na bugali ya muhogo mpaka linakuwa gumu kama ngoma, na mwili wake ukabaki na njaa. Na muhogo muchungu una sumu. Mama akiuloweka siku moja tu, kwa haraka ya kuuza ao kwa sababu ya njaa, sumu inabaki. Mwili unaweza kuitoa ile sumu, lakini kwa kazi hiyo unatumia sehemu ya protini. Asiyekula maharagi, samaki wala nyama hana kitu cha kuitolea. Ndivyo inavyokuja konzo, ugonjwa ulioandikwa na munganga Trolli mwaka 1938 katika Kwango. Jina hilo ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mutoto ao mama analala muzima, anaamuka miguu imekakamaa, na haitarudi tena kuwa kama mbele. Kwa hiyo: loweka muhogo muchungu siku tatu ao zaidi mpaka unalainika, uanike vizuri, na usiule peke yake.

Bwaki na nyama

Kila mama wa Kivu anajua bwaki: miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na kupunguka, ngozi inachubuka, mutoto anahuzunika na kukataa kula. Waganga wa inchi zingine wanaiita kwashiorkor, neno la Kiga la Ghana ambalo munganga Cicely Williams alilipeleka katika vitabu katika miaka ya 1930. Ni ugonjwa wa mutoto ambaye mudogo wake amemunyanganya pahali pake kwa mama.

Sasa angalia namna tunavyomuponyesha. Katika siku za kwanza tunamupa maziwa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kiisha tunamupa Plumpy'Nut, ile pakiti ambayo watoto wanainyonya: karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, pamoja na vitamini na madini. Hakuna nyama ndani yake. Anayependa nyama ajue basi kama mutoto anaweza kufufuka bila mushikaki. Lakini na anayekataza kila kitu cha munyama aangalie tena: maziwa yako ndani, na maziwa hayakutoka kwenye muti.

Nani anakula nyama nyumbani?

Hapa ndipo tunaona shauri kubwa, na wale wanaobishana hawalitaji. Katika nyumba nyingi nyama inapikwa mara moja kwa juma ao kwa mwezi. Baba anapata firigisi na paja. Mugeni anapata kifua. Vijana wakubwa wanagawana mifupa. Mudogo wa miaka miwili anachoviwa bugali katika muchuzi, na mama anasema, «Amekula nyama.» Hapana, mama. Hakula nyama. Muchuzi ni maji, chumvi, mafuta na harufu. Protini imebaki katika munofu, na munofu umekwenda na mugeni.

Tena kuko makatazo ya zamani. Katika Buganda wanawake walikatazwa kuku na mayai, na katika Rwanda walikatazwa nyama ya mbuzi. Hata kwetu kuko wamama wanaoambiwa kama yai litamufanya mutoto kuwa mwizi, ao kukawisha kusema kwake. Tumepima watoto wengi waliokula mayai, wanasema sana. Mara nyingi aliyekatazwa ni yule yule anayehitaji zaidi: mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, mutoto anayekua.

Mwaka 2023 Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilisema kwamba mutoto wa miezi 6 mpaka 23 apate kila siku kitu cha munyama: nyama, samaki ao yai. Haisemi ngombe. Sambaza wa Ziwa Kivu, walioletwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, wanafaa sana. Wakaushe, watwange pamoja na mifupa, na kijiko kimoja cha unga wao ukitie katika uji. Kuku anayetaga ni bora kuliko kuku anayeuzwa ili kununua soda. Simbiliki ni mudogo, anakula majani tu, na baba haoni haya kumuachia mutoto. Kumbikumbi na viwavi ni nyama pia.

Na mutu mukubwa anayetaka kuacha nyama?

Anaweza. Wasabato wa California wanafuatwa na waganga tangu mwaka 1958, na wale wasiokula nyama wana ugonjwa wa moyo na wa sukari kidogo kuliko wengine. Lakini hawaishi kwa muhogo. Wanakula maharagi, karanga, matunda, wengi wanakunywa maziwa na kula mayai, na hawavuti tumbako.

Vitu viwili avichunge. Cha kwanza ni chuma, kinachofanya damu. Chuma cha maharagi na lengalenga kinaingia mwilini kwa shida. Chungwa ao ndimu pamoja na chakula inasaidia, chai inazuia. Cha pili ni vitamini B12. Haipatikani katika mimea. Mwili wa mukubwa unaweza kuwa na akiba ya miaka, ndiyo sababu anajisifu mwaka wa kwanza. Nyuma miguu inakufa ganzi na damu inapunguka. Anayeacha hata maziwa na mayai ameze vidonge vyake, na zaidi mama mwenye mimba, kwani mutoto hana akiba.

Anayekula nyama naye ana ya kuchunga. Mwaka 2015 wanasayansi wa OMS waliweka soseji na nyama zingine za kutengenezwa kati ya vitu vinavyoleta kansere. Munyama aliyekutwa amekufa porini asiguswe: Ebola na ndui ya nyani zinaweza kupita njia hiyo. Nguruwe apikwe mpaka ndani, juu ya tegu. Na yule anayesema «mimi sili nguruwe, siogopi» asikilize: mayai ya tegu yanatoka katika choo cha mutu, yanaingia kwa mikono na mboga zisizosafishwa, na yanaweza kufika katika bongo na kuleta kifafa. Anayekula majani tu anaweza kuyapata sawasawa na mwingine. Choo na sabuni havitazami chungu cha mutu.

Kwa nyumba isiyo na nyama wala sambaza leo, pika uji wa masoso: vipimo viwili vya mahindi, kimoja cha mutama, kimoja cha soya. Soya ikaangwe vizuri mbele ya kusaga, kwani soya mbichi inasumbua tumbo. Koroga unga na maji baridi, pika dakika 20 ukikoroga, tia kijiko cha mawese. Mutoto aliyeanza kula apewe katika sahani yake mwenyewe, si katika ile ya wakubwa wake, kwani mukono wake ni mufupi.