Oga Mwaka, Mdogo Wangu, Hata Kwenye Baridi

Mdogo wangu, sogea hapa tuzungumze. Najua uko chini ya blanketi, taa umezima, simu mkononi, na nje giza limeshaingia tangu alasiri. Nyie wadogo zangu mlioko Uingereza nawajua, nimeishi huko. Ikifika Desemba sauti zenu hubadilika. Mmoja ananiambia amechoka na hajafanya kazi yoyote. Mwingine machozi yanamtoka ndani ya basi na hajui kinachomliza. Mwingine hapokei simu ya mama, maana mwaka unakwisha na kile alichoahidi kutuma hajakituma. Hauko peke yako, na wala hujarogwa.

Kwanza tulimalize hili la jua. Sisi tumelelewa karibu na ikweta, mchana na usiku hugawana sawa. Dar es Salaam mwezi Desemba ina mwanga wa kama saa 12 na nusu kwa siku. London, tarehe 21 au 22, mwanga haufiki hata saa 8: jua linachomoza saa 2 asubuhi, na saa 10 haijagonga limeshatua. Mwili unaona hayo yote hata kama wewe hutaki kuona. Madaktari wameielezea huzuni hii ya majira ya baridi tangu 1984, na wanaitibu. Basi acha kujiita mvivu. Idara ya afya ya huko inashauri kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10 za vitamini D kila siku wakati wa vuli na baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuzimeza mwaka mzima. Umemeza leo? Nilijua. Kameze, kisha urudi.

Sasa tuje kwenye moyo. Mwaka wangu wa kwanza kwenye baridi, usiku wa tarehe 31 niliandika maazimio 20 nikayabandika kwenye mlango wa friji. Nitaweka akiba, nitasoma, nitasali, nitapungua. Februari inaingia, hata moja sijalishika, na kila nikifungua friji naona karatasi inanisuta. Nililia sana mwaka ule.

Desemba iliyofuata jirani yangu, mama wa Kiirani, akanialika usiku wa Yalda. Ndio ule usiku mrefu kupita wote, na kwao haulaliwi mapema. Mezani palikuwa na makomamanga, tikiti maji na karanga. Wazee wakasoma mashairi ya Hafez, watoto wakasinzia mapajani. Hakuna aliyeahidi kitu. Watu walikuwa wameketi kuusindikiza usiku, basi.

Nikakumbuka nyumbani. Kule Makunduchi, Unguja, kila Julai watu huoga mwaka. Ni ule mwaka wetu wa zamani wa jua, Nairuzi, na jina lenyewe limetoka kwa hao hao Waajemi wa Irani. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba mpaka vinyongo vitoke. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake huimba. Kisha watu huteremka baharini wakaoga. Tazama huo mpangilio, mdogo wangu: hasira zitoke, cha zamani kiungue, mwili uoge, ndipo mwaka uitwe mpya. Mimi nilikuwa nimeanzia mwisho. Nilivaa nguo safi juu ya jasho la jana.

Kwa hiyo mwaka huu fanya hivi. Usiku huo mrefu, weka simu chumba kingine. Washa mshumaa, mbali na pazia. Chukua daftari uandike uliyemkosea, aliyekukosea, na kile kilichokufa mwaka huu ambacho bado unakibeba. Soma kwa sauti, hata ukilia. Kisha chana karatasi vipande vipande ukaitupe. Usiichome ndani ya chumba, utaunguza nyumba ya watu. Halafu oga maji ya moto, taratibu, kama anavyooga mwari. Jipake mafuta ya nazi, jichemshie chai ya tangawizi, ulale. Kesho yake kukipambazuka toka nje utembee, hata kama mawingu yamefunga.

Nakuonya, maana nakujua. Usiku huo usimpigie yule aliyekuacha. Kusafisha moyo si kurudisha taka ndani. Pombe nayo usiifanye mwenzako wa kukesha. Itakuchekea usiku na kukuacha na majonzi asubuhi. Ila mama mpigie. Hela huna, mwambie huna. Mama huhesabu siku ambazo hajasikia sauti yako, na kila siku unayokaa kimya anadhani umekufa au umemkana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na lingine, hili nalisema nimekushika mkono. Kama giza limekaa ndani yako wiki mbili, chakula hakipiti, usingizi umekukimbia, au unawaza heri usingekuwepo, hapo mshumaa hautoshi. Nenda kwa daktari leo, na umwambie mtu mmoja wa karibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuja kukulilia.

Ukiamka tarehe 23 ukajiona uko vile vile, usikate tamaa ukarudi chini ya blanketi. Siku hiyo jua lenyewe litakuwa limeongeza sekunde chache tu, hakuna mtu mtaani atakayeziona. Litaongeza tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka siku moja mwezi Machi utatoka kazini ukute bado ni mchana. Nawe enda hivyo hivyo, mdogo wangu. Sitakuuliza umefika wapi. Nitakuuliza kama umeoga.