Kiroboto wa Paka: Maisha Yake Nyumbani na Njia ya Kumwondoa bila Kumdhuru Paka

Nyumba iliyofungwa kwa mwezi mmoja au miwili, bila mtu wala mnyama ndani yake, hutazamiwa kuwa haina viroboto, kwa kuwa kiroboto huishi kwa kunyonya damu. Lakini mara nyingi wenyeji warejeapo safari na kufungua mlango, miguu yao hushambuliwa na viroboto katika dakika chache za mwanzo. Paka, ambaye huenda alikaa kwa jirani muda wote huo, ndiye anayelaumiwa. Huogeshwa, hupakwa dawa, pengine hufukuzwa kabisa; na baada ya juma moja viroboto wangalipo. Tena wako paka wanaokufa, si kwa viroboto, bali kwa dawa waliyopakwa na watu waliokusudia kuwasaidia.

Mambo hayo mawili hutokana na upungufu wa maarifa ya aina mbili. La kwanza ni kutofahamu mahali kiroboto anapoishi sehemu kubwa ya maisha yake. La pili ni kutofahamu kwamba mwili wa paka hauwezi kuvumilia sumu ambazo ng'ombe, mbwa na hata binadamu huzivumilia.

Hatua nne za maisha ya kiroboto

Kiroboto aonekanaye zaidi katika manyoya ya paka ni yule ambaye wanasayansi humwita Ctenocephalides felis. Ijapokuwa jina lake ni la paka, humnyonya mbwa vilevile, na humwuma binadamu pia. Ni mdudu wa rangi ya hudhurungi, asiye na mabawa, mwenye urefu wa milimita 1 hadi 3. Mwili wake umebanwa ubavuni, na kwa hiyo hupenya kati ya nywele kwa wepesi. Miguu yake ya nyuma humwezesha kuruka umbali unaozidi urefu wa mwili wake mara 50.

Jike aliyekwisha kunywa damu huanza kutaga katika siku moja au mbili, naye aweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo ni meupe na madogo sana, wala hayanati katika manyoya. Paka ajikunapo, ajinyooshapo au arukapo kutoka kitini, mayai humwagika chini kama chembe za chumvi. Basi mahali alalapo paka ndipo wazaliwapo viroboto.

Baada ya siku chache yai huanguliwa. Hutoka buu mweupe, mwembamba, asiye na macho wala miguu. Buu hukimbia mwanga na kujificha katika nyufa za sakafu, chini ya mikeka na katika mikunjo ya magunia na matandiko. Yeye hamnyonyi mnyama. Chakula chake kikubwa ni vinyesi vya viroboto wazima, ambavyo ni damu iliyokauka, na ambavyo huanguka kutoka kwa paka pamoja na mayai. Buu huhitaji unyevu. Hewa ikiwa kavu sana, au jua likimpata, hufa. Ndiyo maana katika sehemu zenye joto na unyevu, kama ilivyo mwambao wa Afrika Mashariki, viroboto huzaliana mwaka mzima.

Buu akishakua hujifumia kifukofuko cha nyuzi laini. Vumbi na mchanga hunata juu yake, hata jicho lisiweze kukitofautisha na taka za kawaida. Ndani yake buu hugeuka kuwa pupa, kisha kiroboto kamili. Huyu si lazima atoke mara moja. Aweza kungoja majuma mengi, hata miezi kadhaa, mpaka ahisi mtikisiko, joto, au gesi ya kaboni dayoksaidi itokayo katika pumzi za kiumbe hai. Hapo ndipo linapofumbuliwa fumbo la ile nyumba iliyofungwa: nyayo na pumzi za wenyeji ndizo zilizowaamsha viroboto waliokuwa wakingoja vumbini.

Katika mazingira yanayomfaa, kiroboto hukamilisha hatua zote nne kwa majuma matatu hadi manne. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na madaktari wa mifugo, katika kila 100 ya viroboto wa hatua zote walio nyumbani, 50 ni mayai, 35 ni mabuu, 10 ni pupa, na 5 tu ndio viroboto wazima. Kwa hiyo anayemshughulikia paka peke yake hupigana na watano na kuwaacha 95.

Madhara yake

Paka hujisafisha kwa ulimi, na katika kujilamba huwameza viroboto wengi. Mwenye paka aweza asimwone hata mmoja. Njia rahisi ya kupima ni kumsimamisha paka juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji, kisha kumchana hasa karibu na mkia. Punje nyeusi zikianguka na kuacha doa jekundu karatasini, hizo si mchanga. Ni vinyesi vya viroboto.

Mtoto wa paka mwenye viroboto wengi aweza kufa kwa kupungukiwa na damu. Dalili yake ni ufizi uliopauka na ulegevu wa mwili. Paka wengine hudhuriwa na mate ya kiroboto, wakajikuna mpaka manyoya yakanyonyoka na ngozi ikafanya vidonda. Aidha, buu wa kiroboto hula mayai ya tegu aitwaye Dipylidium caninum, na paka ammezapo kiroboto humpata tegu huyo. Vipande vyake, mfano wa punje za mchele, huonekana karibu na mkundu wa paka. Mtoto mdogo achezaye sakafuni naye aweza kumpata akimeza kiroboto kwa bahati mbaya.

Vinyesi vya kiroboto wa paka vyaweza pia kubeba bakteria aitwaye Bartonella henselae. Kucha za paka zikichafuliwa navyo, mkwaruzo wake huweza kumletea mtu homa na uvimbe wa tezi.

Kiroboto wa paka asichanganywe na viroboto wa panya, ambao ndio waenezaji wakuu wa tauni. Bakteria wa tauni aligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha kwamba kiroboto ndiye amhamishaye. Wakazi wa Lushoto nchini Tanzania waliujua ugonjwa huo kwa machungu katika milipuko iliyoanza mwaka 1980 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 20. Paka akila panya mwenye tauni huweza kuugua na kumwambukiza mtu. Penye historia ya tauni, panya wakionekana kufa ovyo, au paka akiwa na homa na uvimbe shingoni, wasiguswe kwa mikono mitupu, na habari ipelekwe upesi kwa wahudumu wa afya.

Kumwogesha paka

Maji na sabuni huwaondoa viroboto wazima wengi walio mwilini, lakini hayaachi kinga yoyote nyuma yake. Paka aliyeogeshwa asubuhi na kurudi kulala juu ya gunia lile lile atapata viroboto wapya siku ile ile. Kuoga ni hatua ya kwanza, si tiba nzima.

Kazi hii yafaa ifanywe na watu wawili katika chumba kilichofungwa mlango. Kwanza paka hupunguzwa ncha za kucha na kuchanwa manyoya yaliyofungamana. Kitambaa kizito hutandikwa ndani ya beseni, kwa kuwa paka huingiwa na hofu miguu yake inapoteleza. Maji yawe ya uvuguvugu, karibu nyuzi 38 za sentigredi, ambalo ni joto la mwili wake mwenyewe, na kina chake kisipite tumbo.

Mtu mmoja humshika paka kwa utulivu mabegani, na mwingine humlowesha taratibu kwa kikombe. Sabuni ianzie shingoni, ikafanya mviringo wa povu. Viroboto wanapohisi maji hukimbilia kichwani, na povu hilo huwazuia. Sabuni iwe laini, isiyo na manukato makali, au ile iliyotengenezwa kwa ajili ya paka. Sabuni ya kufulia na dawa za kuua vijidudu vya sakafuni hazifai kamwe. Uso hupanguswa kwa kitambaa chenye maji matupu, na maji yasiingie masikioni. Mwishowe paka husuuzwa mpaka povu lote liishe, kwa sababu kitakachobaki katika manyoya atakilamba. Kisha hukaushwa kwa taulo na kuwekwa mahali pasipo na upepo.

Paka mgonjwa, mwenye mimba, au anayepigana kwa nguvu asiogeshwe. Kwake, na kwa watoto wa paka, hutumika kitana chenye meno yaliyokaribiana sana. Kila kinapopitishwa katika manyoya hutumbukizwa katika bakuli la maji ya sabuni. Katika maji matupu kiroboto huweza kuelea. Sabuni hulegeza uso wa maji, naye huzama na kufa.

Dawa zinazoua paka

Wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania wanalifahamu ua la pareto, ambalo sumu yake huua wadudu lakini huharibika upesi juani. Wanakemia walitafuta sumu ya kufanana nayo itakayodumu. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza pemethrini. Dawa hii imeleta manufaa makubwa katika kilimo na katika kupambana na mbu. Kwa paka, hata hivyo, ni sumu kali.

Sababu imo katika ini. Wanyama wengi huzifunga baadhi ya sumu kwa asidi ya glukuroniki ili zitoke mwilini kwa urahisi. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa vimeng'enya vya kazi hiyo. Sumu ambayo mbwa huitoa upesi hubaki katika mwili wa paka na kushambulia mishipa ya fahamu. Paka hutokwa na mate, hutetemeka, huyumba, hupata degedege, na huweza kufa. Hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa dawa hiyo karibuni humdhuru.

Kwa hiyo dawa ya viroboto ya mbwa isipakwe kwa paka, hata ikipunguzwa. Kabla ya kununua, kibandiko kisomwe. Penye neno permethrin, dawa irudishwe rafuni. Dawa za kuogeshea ng'ombe, dawa za mimea ya shambani na mafuta ya taa ni hatari vilevile. Vitu vya asili navyo si salama kwa kuwa tu ni vya asili: mafuta ya mwarobaini, ya mkaratusi na ya karafuu huweza kumdhuru paka, na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Dawa zifaazo zipo. Fipronili, imidaklopridi na selamektini hutengenezwa katika vipimo vya paka na hutonwa nyuma ya shingo, mahali ambapo ulimi haufiki. Uzito na umri wa paka ndio unaoamua kipimo, na daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa. Zitumiwapo, kuogesha kuachwe kwa siku mbili kabla na siku mbili baada yake.

Paka akipakwa sumu kwa makosa, aoshwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, afunikwe asipatwe na baridi, na apelekwe kwa daktari pamoja na chupa ya dawa ile. Asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa au mafuta.

Kusafisha nyumba

Hapa ndipo penye wale 95. Siku ile ile paka anapotibiwa, matandiko yake na ya watu hufuliwa kwa maji ya moto. Mikeka, magunia na magodoro hukung'utwa nje na kuanikwa katika jua kali, pande zote mbili. Sakafu hufagiwa hadi pembeni, chini ya vitanda na nyuma ya makabati, na taka huchomwa au kuzikwa mbali. Nyufa za sakafu huzibwa. Paka hupewa mahali pamoja pa kulala, juu ya kitambaa kimoja kinachofuliwa kila juma. Hivyo mayai huangukia mahali panapojulikana. Wanyama wote wa nyumba hiyo hutibiwa kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa dawa yake.

Kazi hii haimaliziki kwa siku moja. Pupa katika kifukofuko hadhuriwi kwa urahisi hata na dawa za kupulizia, na kwa majuma kadhaa viroboto wapya wataendelea kutokeza. Wengi hukata tamaa wakati huo, wakadhani dawa imeshindwa, na ndipo wanapotafuta sumu kali zaidi. Kumbe kila kiroboto anayetoka na kukuta paka aliyelindwa hufa kabla ya kutaga. Kufagia kukiendelea kila siku, na tiba ikirudiwa kwa vipindi vyake kwa miezi mitatu, akiba iliyo vumbini hupungua mpaka ikaisha. Paka naye hubaki nyumbani, akiendelea na kazi yake ya kulinda ghala dhidi ya panya.