Sheni ya kinga: kupima kwanza, kukata nyuma

Wenye kuleta makala Lubumbashi kwa kinga wanajua: sheni yenye kulegea inaruka pale mzigo ni mzito. Wengi wanakimbilia nyundo na kukata. Sisi tunachukua rula ya shule. Toka pini ya 1 mpaka ya 21, sheni mpya ina milimeta 254. Ikifika 257 imelika; hata ukiifupisha itaharibu meno ya pinyo, afazali kununua ingine.

Kama ingali nzima, regeza ekru mbili za gurudumu la nyuma, ulivute nyuma kidogo, lisimame katikati, ukaze. Zungusha pedali polepole. Pale sheni inakazana zaidi, kidole kiichezeshe sentimeta 1 ao zaidi kidogo. Kuikaza kama waya ya gitare ni kuua rulema. Freni nayo iangaliwe, maana gurudumu limesogea.

Gurudumu likikosa nafasi ya kurudi nyuma, pale njo tunatoa kipande. Hakitoki kiungo kimoja: chembamba na kipana vinafuatana, basi vinatoka viwili pamoja, ni kusema milimeta 25,4, na gurudumu litasogea mbele karibu nusu yake. Kibanio cha kufungia sheni, upande wake usio wazi utangulie kule sheni inaenda.