Mistari Myeusi Kwenye Pakiti ya Dawa Ina Faida Gani Kwako?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yamkini walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, lakini hakuna bidhaa ambayo onyo hilo linaihusu kuliko dawa. Gunia la sukari likipotea katika bohari, mwenye mali amepata hasara ya pesa. Dawa ikipotea katika hesabu, ikipitwa na muda bila mtu kujua, au ikitiwa katika sanduku lisilo lake, anayeumia ni mgonjwa.

Msomaji, chukua pakiti ya dawa iliyo nyumbani kwako uitazame vizuri. Upande mmoja huenda ukaona mistari myeusi, minene kwa myembamba, na chini yake nambari yenye tarakimu 13. Pakiti nyingine zina mraba mdogo uliojaa vitone. Wengi hudhani alama hizo ni za kumwonyesha karani wa supamaketi bei ya bidhaa. Juma hili tutaeleza kazi yake katika afya yako, na pia yale ambayo haziwezi kukufanyia.

MISTARI HIYO NI NINI?

Ni nambari tu, iliyochorwa kwa namna ambayo mwanga wa mashine unaweza kuisoma. Wamarekani wawili, Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, walipewa hataza ya wazo hilo mwaka wa 1952. Bidhaa ya kwanza kusomwa dukani kwa mistari ya mtindo tunaoujua leo ilikuwa pakiti ya chingamu, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, mnamo Juni 26, 1974.

Tarakimu ya mwisho katika zile 13 ina kazi maalum. Hupatikana kwa kuzifanyia hesabu zile 12 zinazoitangulia. Mashine ikisoma mistari vibaya na hesabu isilingane, huikataa nambari hiyo papo hapo. Mkono wa karani aliyechoka saa kumi na moja jioni hauna mkaguzi wa namna hiyo.

Hapa tuondoe dhana moja. Nambari ikianza na 616, watu husema bidhaa hiyo imetengenezwa Kenya. Sivyo. Maana yake ni kwamba kampuni yenyewe ilipewa nambari zake na shirika linalohusika humu nchini. Kiwanda chaweza kuwa kwingine kabisa.

Jambo la pili la kujua ni tofauti kati ya mistari na mraba. Kwa kawaida mistari hutaja aina ya bidhaa peke yake, kwa mfano tembe fulani, za nguvu fulani, katika pakiti ya idadi fulani. Ule mraba wa vitone unaweza kubeba zaidi: tarehe ya mwisho ya matumizi, nambari ya bechi, na hata nambari ya pakiti hiyo moja ambayo hakuna pakiti nyingine inayo. Bechi ni kundi la dawa lililotengenezwa kwa mkupuo mmoja.

SAFARI NDEFU YA DAWA

Dawa nyingi tunazotumia hutoka ng'ambo. Hushuka bandarini Mombasa au katika uwanja wa ndege, zikaingia bohari ya mwagizaji, kisha kwa muuzaji wa jumla, kisha stoo ya hospitali, na hatimaye wodini au kwenye rafu ya kemisti. Kila mahali zinapobadilisha mikono, mtu huzihesabu na kuandika. Ikiwa ni kwa kalamu, 3 hugeuka 8, na 1 ikasomwa 7. Kosa hilo dogo husafiri pamoja na shehena.

Matokeo yake ni kwamba daftari linasema kuna katoni 40 ilhali rafu ni tupu, au katoni ziko nyuma ya stoo na muda wake umepita. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kungoja daftari lirekebishwe.

Mashirika ya ndege hutumia mistari kama hii kufuata mizigo ya abiria, na maduka makubwa hujua kwayo ni bidhaa gani inakaribia kwisha. Stoo ya dawa inayosoma alama wakati wa kupokea na wakati wa kutoa hupata faida hizo hizo, na moja zaidi: kompyuta huonyesha ni bechi ipi itakayotangulia kufikia tarehe yake ya mwisho, ili hiyo ndiyo itolewe kwanza, hata kama si ndiyo iliyofika kwanza.

BECHI MOJA KATI YA NYINGI

Umuhimu wa bechi ulionekana Aprili 2024. Wakaguzi wa dawa nchini Nigeria walitangaza kwamba katika bechi moja ya dawa ya maji ya kikohozi cha watoto wamekuta kiwango kikubwa cha dayethilini glaikoli, kemikali yenye sumu inayoweza kuharibu figo na kuua. Mtengenezaji alisema vipimo vyake havikuikuta. Hata hivyo, wakuu wa dawa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, waliagiza bechi hiyo irejeshwe, kwa sababu katika jambo la watoto heri kujihadhari.

Fikiria kazi iliyowakabili wenye maduka. Hawakuambiwa watupe dawa zote za kikohozi. Walitakiwa kuitafuta bechi moja. Muuzaji wa jumla aliyeandika bechi katika kila mauzo aliweza kujua mara moja ni maduka gani aliyoyauzia. Asiye na kumbukumbu alibaki kupekua rafu kwa macho, na chupa zilizokwisha kwenda nyumbani kwa watu hakuweza kuzifuata kamwe.

Kadhalika, Julai 2018, bechi nyingi za dawa ya shinikizo la damu iitwayo valsatani zilirejeshwa katika mataifa mengi kwa sababu ya uchafu wa kemikali uliohofiwa kuleta saratani. Wagonjwa walishauriwa wasiache dawa ghafla kabla ya kumwona daktari, kwani kuacha kungeweza kuwadhuru upesi kuliko uchafu wenyewe. Mgonjwa aliyekuwa na pakiti yake aliweza kujua kama anahusika. Aliyekuwa na tembe tupu alibaki na hofu.

KANDO YA KITANDA CHA MGONJWA

Katika hospitali nyingine, muuguzi husoma kwa mashine alama iliyo kwenye utepe wa mkononi mwa mgonjwa, kisha ya dawa. Visipolingana, kompyuta humzuia. Kuna dawa ambazo majina yake hukaribiana mno: haidralazini hushusha shinikizo la damu, haidroksizini hutuliza mwasho. Utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2010, ulionyesha kwamba mpango huu ulipunguza makosa ya kumpa mgonjwa dawa, yasiyohusu saa, kwa asilimia 41. Damu ya kuongezewa mgonjwa nayo hubandikwa alama kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akipewa damu ya kundi lisilomfaa anaweza kufa.

YALE MISTARI ISIYOYAWEZA

Kwanza, mistari inaweza kunakiliwa. Mwenye mashine ya kuchapisha dawa bandia hashindwi kuchapisha mistari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za matibabu ni duni au bandia. Kinachosaidia ni ile nambari ya pakiti moja moja. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Februari 9, 2019, pakiti nyingi za dawa zinazoandikwa na daktari hukaguliwa kabla ya mgonjwa kukabidhiwa, na nambari ikishatumika hufutwa. Pakiti ya pili yenye nambari hiyo itakataliwa. Barani Afrika, baadhi ya watengenezaji hubandika kibandiko cha kukwaruza chenye nambari ambayo mnunuzi huituma kwa ujumbe wa simu.

Pili, mistari haijui joto. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selisiasi, na mistari haibadiliki ziachwapo juani. Ndiyo sababu tangu mwaka wa 1996 chanjo ya matone ya polio ilianza kubandikwa alama ya mraba ndani ya duara, ambayo mraba wake huwa mweusi kadiri chupa inavyopata joto.

Tatu, mashine haiwezi kumshinda mtu aliyeamua kuikwepa. Imewahi kuonekana wauguzi wenye kazi nyingi wakisoma nakala ya utepe iliyobandikwa mezani badala ya kumwendea mgonjwa. Kompyuta huridhika, na mgonjwa hajalindwa.

WEWE UFANYE NINI?

1. Nunua dawa katika duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Uliza waionyeshe. Si utovu wa adabu.

2. Soma tarehe ya mwisho na nambari ya bechi kabla ya kulipa. Ikiwa zimefutika au zimebandikwa karatasi juu, usichukue.

3. Ukihesabiwa tembe katika bahasha ya kaki, omba waandike jina la dawa, nguvu yake, bechi na tarehe. Wagonjwa huniletea bahasha zenye tembe nyeupe za mviringo wakitaka niwaambie ni dawa gani. Tembe nyeupe za mviringo ni nyingi mno, na hakuna daktari awezaye kuzitambua kwa macho.

4. Usitupe pakiti mpaka dawa iishe. Dawa ikikudhuru, njoo na pakiti, kwa sababu bila bechi hatuwezi kuwaonya wengine.

5. Ukisikia dawa yako imetangazwa kurejeshwa, linganisha bechi kwanza. Usiache dawa ya shinikizo la damu, kisukari au kifafa bila ushauri wa daktari.

6. Ukilazwa, taja jina lako kamili kila unapoletewa dawa, na uulize ni ya nini.

Mashine husoma, lakini haiamui. Anayeamua dawa imezwe au isimezwe ni mtu aliyeishika mwisho, na mara nyingi mtu huyo ni wewe.